Matumizi ya Video katika Barua Pepe za Masoko: Mfano wa Asali ya Nyanda za Juu za Buha

Mfugaji nyuki wa Heru Juu, wilayani Kasulu, anapomwandikia mnunuzi aliyeko Dar es Salaam hukabiliwa na swali moja: je, asali hii haikuchanganywa na sukari? Maneno matupu hayalijibu. Video fupi inayoonesha mzinga ukifunguliwa, masega yakikatwa na asali ikichujwa humpa mnunuzi kitu cha kukipima kwa macho yake, ingawa haichukui nafasi ya kipimo cha maabara.

Hata hivyo, video yenyewe kwa kawaida haisafiri ndani ya barua pepe. Gmail, kwa mfano, haichezi video iliyopachikwa katika ujumbe, wala hairuhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25. Kwa hiyo, kinachotumwa ni picha mnato yenye alama ya kuchezea, iliyounganishwa na ukurasa ilikohifadhiwa video. Utaratibu huu humwachia mpokeaji uamuzi wa kutumia bando lake, na humwezesha mtumaji kuhesabu mibofyo. Mbofyo, lakini, huonesha udadisi, si ununuzi.

Hoja ya makala haya ni kwamba ushawishi hubebwa kwanza na picha hiyo pamoja na maelezo yanayoizunguka, kwani asiyebofya huondoka na hayo tu. Bei, ujazo na asili ya asali sharti viandikwe. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humpa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Anayetuma bila ridhaa huibomoa imani ileile ambayo video ilikusudiwa kuijenga.