Rangi za Ramani na Hesabu ya Watu

Ramani ni picha ya nchi iliyochorwa kwa kipimo kidogo. Zipo ramani zionyeshazo milima na mito, na zipo zionyeshazo wingi wa watu kwa rangi: rangi nzito penye watu wengi, nyepesi penye wachache. Hizi za pili hufaa sana, lakini zaweza kumpoteza mtazamaji, hata kama kila tarakimu ni ya kweli.

Kwanza, jicho hupima ukubwa wa nchi, wala halihesabu watu. Katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,540,519, na Dar es Salaam watu 5,383,728. Lakini nchi kavu ya Rukwa yapita kilometa za mraba 22,000, hali Dar es Salaam haifiki 1,400. Basi katika ramani Rukwa ni shuka, Dar es Salaam ni kiraka. Na kiraka, hata kikipakwa rangi nzito, jicho hukipita.

Pili, rangi moja huficha mengi. Mchoraji akipaka Rukwa yote rangi ya watu 68 kwa kila kilometa ya mraba, mtu atadhani wametawanyika sawasawa kama ulezi uliomwagwa shambani. Sivyo. Wengi wako Sumbawanga mjini na katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa. Huko Kipili watu hukaa ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, penye samaki na vyombo.

Tatu, mchoraji ndiye achaguaye mipaka ya rangi. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 25 hivi kwa kila kilometa ya mraba katika sensa hiyo. Ikiwa mikoa yote isiyofika watu 100 hupewa rangi moja, Rukwa na Katavi itafanana. Mpaka ukikatwa penye 50, Rukwa itakuwa nzito, Katavi nyepesi. Watu hawakuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni kalamu tu.

Jambo hili si dogo. Mwenye kupanga zahanati akiifuata rangi tu, aweza kuijenga mahali pasipo watu, na mama wa ufuoni akambeba mwanawe mgonjwa mwendo mrefu. Kwa hiyo mwenye busara huuliza kwanza: Rangi hii ni ya watu wote, au ya watu kwa kila kilometa? Mipaka yake ilikatwa wapi? Na ndani yake watu wakaa wapi hasa?