UNAUZA VITU VYA FRIZA? LINDA VIDOLE VYAKO

Wapambanaji wa Kibaha na Kisarawe, leo tuongee na wewe unayeuza samaki, kuku au barafu za ubuyu kwa simu. Oda ikiingia unafungua friza, unachambua mzigo, unapima, unafunga. Baadaye vidole vinapauka na kufa ganzi, hata kumjibu mteja kwenye simu inakuwa kazi. Unajiambia, "Pwani hii yenye joto, baridi itanipata wapi?" Inakupata humo humo kwenye friza.

Mwili ukishika baridi, mishipa midogo ya damu vidoleni hujibana ili kutunza joto. Kwa baadhi ya watu, wengi wao wanawake, hujibana kupita kiasi: kidole kinapauka, kinakuwa kama bluu, damu ikirudi kinawaka na kuchoma. Hali hii inaitwa Raynaud, jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1862. Hata vidole vya miguu hupata. Kama ngozi yako ni nyeusi, angalia kucha na upande wa kiganja.

Fanya hivi:

1. Kusanya oda, fungua friza mara mbili kwa siku, sio kila meseji ikiingia.
2. Funga mzigo kwa kilo kabla ya kugandisha. Mteja akija, unatoa tu.
3. Vaa glavu za kitambaa ndani, za mpira juu. Zikilowa, badilisha.
4. Vikishikwa ganzi, viweke kwapani au kwenye maji ya uvuguvugu. Maji ya moto hapana! Kidole chenye ganzi kinaungua bila wewe kujua.
5. Acha sigara, nayo inabana mishipa.

Usipuuzie kidonda kisichopona, kidole kinachokuwa cheusi, ngozi inayokakamaa au ganzi isiyoisha. Nenda Tumbi, hospitali ya wilaya Kisarawe au kituo cha karibu, upime na sukari. Kisukari huleta ganzi miguuni, ukaumia usijue. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kuuma sana, nenda saa hiyo hiyo.

Na "dawa ya kufungua mishipa" ya mtandaoni usiinunue kwa sababu ya picha. Sisi wauzaji tunajua picha zinavyopigwa.

Friza ikiharibika utaita fundi. Kidole kikikatwa, hakuna fundi wa kukirudisha. Mtumie na muuza samaki mwenzako asome.