Nyumba Inauzwa, Mpangaji Yumo Ndani: Haki ya Nani Itangulie?

Jioni moja baada ya Swala ya Ishaa, mjane mmoja alifika mbele ya kamati ya msikiti wetu akiwa na watoto wawili wakubwa wa marehemu mumewe. Marehemu ameacha nyumba ya vyumba sita, pamoja na yatima wawili wadogo. Warithi wamekubaliana nyumba iuzwe ili kila mmoja apate fungu lake, na mnunuzi amekwisha patikana.

Kikwazo kilikuwa wapangaji wawili. Wa kwanza alilipa kodi ya miezi sita, na minne bado. Wa pili hajalipa miezi mitatu, humfungia dalali mlango, na huwaambia wateja kuwa nyumba ina kesi.

Kaka mkubwa alitaka bati liezuliwe ili watoke wenyewe. Mdogo wake alitaka mnunuzi asiambiwe kitu, akishalipa atajuana nao. Ndugu msomaji, rai hizi mbili huzisikia kila mtaa, na zote mbili ni dhulma.

Upangaji, yaani ijara, ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda maalumu. Aliyelipa miezi sita amenunua ukaazi wa miezi sita, na kifo cha mwenye nyumba hakimnyang'anyi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, nyumba iliyopangishwa yafaa kuuzwa kwa mtu mwingine, lakini mkataba wa mpangaji hauvunjiki. Mnunuzi humiliki nyumba, na mpangaji hukaa hadi muda wake uishe. Mnunuzi asiyejua kuwa nyumba imepangishwa ana hiari ya kuyavunja mauzo. Basi kuficha kunamfaa nani? Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa baraka ya biashara imo katika kusema kweli na kubainisha aibu ya bidhaa, na kwamba uongo huifuta.

Ama asiyelipa, kwanza aulizwe: ana dhiki au ana uwezo? Mwenye dhiki hupewa muhula, kama inavyoelekeza Suratul Baqara, aya ya 280. Mwenye uwezo anayechelewesha, Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wake dhulma. Lakini muhula wa deni si ruhusa ya kuendelea kukalia nyumba ya watu bila ridhaa yao.

Jambo lingine husahauliwa sana. Warithi wazima wanaweza kusamehe deni katika mafungu yao, lakini hawana mamlaka ya kusamehe fungu la yatima. Mlezi huilinda mali ya yatima, haigawi kwa ukarimu wake.

Kamati ilishauri hivi. Wapangaji wote wapewe notisi ya maandishi yenye tarehe, na nakala ibaki ofisi ya serikali ya mtaa. Dalali aagane nao saa ya kuleta wateja, kwani chumba cha mpangaji ni nyumba yake na ndani mna sitara ya familia, na Suratun Nur, aya ya 27, imetuamuru kubisha hodi. Mnunuzi aelezwe kila kitu kwa maandishi mbele ya mashahidi. Atakayekaidi, shauri lake lipelekwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bati lisiguswe.

Wa kwanza aliridhia kurudishiwa kodi ya miezi minne, akahama. Wa pili alikuja msikitini kichwa chini, akakiri kuwa kazi ilikwisha na alikuwa anaona haya kusema. Warithi wazima walimsamehe mafungu yao, naye akaahidi kuondoka ndani ya siku thelathini, akatimiza. Fungu la yatima liliandikwa kuwa deni, na analilipa kidogo kidogo. Mnunuzi alipunguza bei kidogo, kisha akasubiri.

Kaka mkubwa alinung'unikia bei ile. Mjane alimjibu kwa utulivu: "Mwanangu, kilichopungua kimepungua. Hawa wadogo wale kilicho safi."

Wenye nyumba na wapangaji, sote tutaulizwa. Allah atuwafikishe kutimiza mikataba yetu. Amin.