«Fishwife» si mke wa mvuvi

Mwanafunzi akikutana na neno la Kiingereza «fishwife» katika matini ya kutafsiri, hulikata vipande viwili: «fish» ni samaki, «wife» ni mke. Kisha huandika «mke wa mvuvi». Tafsiri hiyo si sahihi, na kosa linatokana na historia ya kipande cha pili.

Katika Kiingereza cha Kale, «wīf» lilimaanisha mwanamke, awe ameolewa au hajaolewa. Kijerumani kina ndugu yake, «Weib». Likiunganishwa na «mann», ambalo zamani hizo lilimaanisha mtu, lilizaa «wīfmann», mzazi wa «woman» la leo. Baadaye maana ya kawaida ya «wife» ilipungua, ikabaki mke wa ndoa. Lakini maana ya kale ilihifadhiwa ndani ya maneno ambatani, hasa ya kazi: «alewife», mwanamke muuza pombe; «midwife», mwanamke aliye pamoja na mzazi, yaani mkunga; na «fishwife», mwanamke muuza samaki. Sisi tunaosoma Kifaransa hatupaswi kushangaa: «femme» ni mwanamke na pia ni mke, lakini hakuna asikiaye «sage-femme» akauliza mume wake ni nani.

Sifa mbaya ya neno ilitoka sokoni. Wauza samaki wa Billingsgate, mjini London, walijulikana kwa sauti kali na maneno makali. Hivyo «fishwife» likawa pia jina la mwanamke mwenye makelele na matusi, na tangu karne ya 17 jina la soko lenyewe likatumika kwa maana ya matusi. Kifaransa kilifanya vivyo hivyo kwa «poissarde». Lakini «fishmonger», jina la muuza samaki lisilotaja jinsia, leo ni jina la kazi tu.

Kwa hiyo mfasiri atazame muktadha. Katika habari za soko la kale, aandike «mwanamke muuza samaki». Katika ugomvi, «mwanamke mwenye mdomo mchafu». Akichanganya hayo mawili, atamtukana mtu aliyekuwa kazini. Mama anayenadi sambaza kando ya Ziwa Kivu naye hupaza sauti, kwa kuwa asiyesikika sokoni hurudi nyumbani na beseni lililojaa.