Kuitunga Dansi kwa Kalamu

Wako watu wanaocheka wakisikia kwamba huko Uingereza mtoto wa shule hukalishwa kitako akatahiniwa dansi kwa karatasi na kalamu. Huuliza: mtu akijua kucheza, si aonekane akicheza? Ya nini kumfungia mchezaji katika chumba cha mtihani, akae kimya kama mwenzake wa hesabu au wa jiografia? Swali hilo ni halali, wala hatulidharau. Lakini wanaoliuliza wamesahau kwamba dansi, kabla haijachezwa jukwaani, imekwisha kutungwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu ya kila alichokichagua na kila alichokitupa. Sababu hizo ndizo zitafutwazo katika karatasi.

Mtihani tunaousema ni ule wa Dansi katika cheti cha GCSE, unaotolewa na baraza la mitihani liitwalo AQA, na wengi wanaoufanya ni vijana wa miaka 15 au 16. Mtaala wake uliotengenezwa upya ulianza kufundishwa mwaka 2016, na watahiniwa wa kwanza wakaketi mwaka 2018. Asilimia 60 ya alama hutokana na vitendo: mwanafunzi hucheza, kisha hutunga dansi yake mwenyewe. Asilimia 40 iliyosalia hutoka katika karatasi moja ya saa moja na nusu, yenye alama 80. Humo huulizwa juu ya kazi aliyoifanya mwenyewe, na juu ya dansi sita za watungaji mashuhuri alizozisoma darasani. Lakini maswali yanayowatoa wengi jasho ni yale ya mwanzo, yahusuyo dansi ambayo haipo. Mtahiniwa hupewa kichocheo, labda picha, labda neno au kitu, naye huagizwa aitunge dansi kichwani mwake palepale na kuieleza kwa maandishi.

Hapo ndipo waangukapo vijana wengi hodari. Miili yao yajua, lakini kalamu zao hazijui. Huandika kwamba wachezaji “watacheza kwa hisia”, au kwamba miondoko “itapendeza na kuvutia watazamaji”. Maneno kama hayo ni upepo mtupu. Mtahini hawezi kuyapa alama, kwa kuwa yangeweza kuandikwa juu ya dansi yoyote ulimwenguni, hata na mtu asiyepata kuinua mguu.

Na tutwae mfano wetu wenyewe. Tuseme karatasi imeleta neno moja: Kungoja. Mtahiniwa mvivu ataandika kwamba dansi yake itahusu “watu wanaongoja na kuchoka”. Basi amekwisha kujifunga kamba miguuni, maana maswali yanayofuata yatajengwa juu ya jibu hilo la kwanza. Ataulizwa habari za miondoko, za nafasi, za idadi ya wachezaji, za muziki, na kila mara atarudi kwenye kile kisima kikavu alichokichimba mwenyewe. Mwenzake mwenye busara atatumia dakika mbili kufikiri kabla ya kuandika. Atakumbuka, kwa mfano, vibarua wa bandari ya London walivyokuwa wakisimama langoni alfajiri wakingoja kuchaguliwa kwa kazi ya siku ile, desturi iliyokomeshwa mwaka 1967. Ataandika: nia ya dansi yangu ni kuonyesha tumaini la watu watano wangojao kazi, na jinsi linavyogeuka kuwa uadui baina yao mmoja anapoachwa. Sasa ana mahali pa kuanzia, ana mabadiliko katikati, ana mwisho. Kisima chake kina maji.

Akiulizwa motifu, yaani lile fungu fupi la miondoko libebalo wazo la dansi nzima, asitaje majina ya hatua akaishia hapo. Aseme mkono wa kuume wapanda ghafla juu ya kichwa, kiganja wazi, vidole vimenyoka. Uzito wa mwili wahama kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia. Uso wageuka upesi kulia kisha warudi polepole. Bega laanguka, na mwili wasimama kimya. Kisha aseme kwa nini: mkono wa ghafla ni wa mtu atakaye kuonekana na mwenye kuajiri, na bega liangukalo ni la yule ambaye jicho limempita. Swali lingine likitaka aikuze motifu hiyo, asibuni mpya. Mkono uleule na upande polepole mno, kama wa mtu ambaye amekata tamaa. Au na ufanywe akiwa amepiga magoti, ili daraja ya chini ionyeshe kushuka kwa heshima yake. Au na wachezaji wote watano waufanye mmoja baada ya mwingine katika mstari, kwa kupokezana, kama wimbi lipitalo katika safu, tumaini likitoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Msomaji ameona kwamba katika kila sentensi hapo juu mna mambo matatu: kinachofanyika, namna kifanyikavyo, na sababu yake. Tukiulizwa siri ya karatasi hii ni nini, twasema ni hiyo, na hatujui nyingine. Lakini na aangalie swali lenyewe lataka kiasi gani. Swali la kutaja lataka kutajwa tu. Atakayejaza nusu ukurasa kwa alama moja amejiibia dakika zake. Swali la kueleza lataka namna. Swali la kufafanua lataka sababu, nalo ndilo walikosalo wengi, kwa kuwa husimulia vizuri sana kilichotendeka wakasahau kusema kilitendekea nini.

Maneno ya kazi hii yamepangwa kwa mafungu. Liko fungu la matendo ya mwili: kusafiri, kugeuka, kuruka, kuashiria, kutulia, kuhamisha uzito, kazi za sakafuni. Liko fungu la nafasi: njia, daraja, mwelekeo, ukubwa wa mwondoko. Liko fungu la nguvu na kasi: ghafla au kwa kuendelea, kwa uzito au kwa wepesi, kwa mtiririko au kwa kukatika. Liko na fungu la mahusiano ya wachezaji: kuongoza na kufuata, kuigana kama katika kioo, kugusana, kupingana.

Mafungu haya hayakushuka kutoka mawinguni. Mengi ya mawazo yaliyomo yametokana na Rudolf Laban, aliyezaliwa Bratislava mwaka 1879, akafanya kazi kubwa katika Ujerumani, kisha akafika Uingereza mwaka 1938 akiwa mkimbizi wa utawala wa Nazi. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndugu zetu wafanya kazi watapenda kulijua jambo hili, mtu huyo wa dansi aliingia viwandani. Pamoja na F. C. Lawrence, mshauri wa mambo ya viwanda, aliwatazama wanaume na wanawake wakinyanyua, wakisukuma, wakifunga na kupakia. Alipima kwa jicho uzito, wakati, nafasi na mtiririko wa kila mwendo, akitafuta namna mwili uwezavyo kutumia mwyumbo wake wenyewe badala ya kujichosha bure. Kitabu chao juu ya jambo hilo, Effort, kilitoka mwaka 1947. Na mwaka uliofuata Laban akatoa kitabu cha dansi ya kisasa katika elimu, kilichoenea sana katika shule za Uingereza. Laban alifariki mwaka 1958. Kwa hiyo mtoto aandikapo leo kwamba mwondoko fulani ni “wa ghafla na wenye nguvu”, atumia mizani iliyojaribiwa jukwaani na pia penye mashine. Sisi twaona hiyo ni nasaba ya kujivunia.

Dansi sita za darasani nazo ni hazina kwa anayejifunza kujibu maswali ya utungaji, ingawa wengi huzisoma kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya karatasi tu. Tazama Infra ya Wayne McGregor, iliyochezwa mara ya kwanza na Royal Ballet mwaka 2008, baada ya mtungaji kuyafikiri mashambulio ya mabomu ya London ya Julai 2005. Juu ya wachezaji pana ukuta wa taa wa Julian Opie, ambamo sura za watu zatembea bila kusimama. Na wakati mmoja umati wa watu wavuka jukwaa, kila mtu na njia yake, huku mwanamke mmoja akivunjika kwa huzuni katikati yao, wala hakuna ageukaye. Hakuna miruko mikubwa hapo. Ni kutembea tu, lakini idadi ya watu na mwelekeo wao vimesema neno zito. Au tazama Shadows ya Christopher Bruce, ya mwaka 2014: watu wanne wa jamaa moja, meza, benchi, na kiango cha makoti, na hofu ya walio nje yajaza chumba kizima. Mwanafunzi asiyakopi haya katika dansi yake ya kubuni, maana mtahini ayajua. Ajifunze humo jinsi mtungaji afungavyo uchaguzi wake kwenye nia yake.

Liko jambo jingine linalotufanya tuitetee karatasi hii. Katika vitendo, mtoto aliyelipiwa masomo ya jioni tangu akiwa na miaka minne hutangulia mbali, na mtoto wa mfanya kazi aliyeanza dansi shuleni hubaki akimtazama mgongo. Katika maswali ya utungaji pengo hilo hupungua sana. Hakuna aulizaye mguu wako wapanda hadi wapi. Huulizwa umeona nini na wafikiri nini, na mtoto aliyewaona watu wakingoja basi alfajiri, au mama yake akirudi kutoka kazi ya usiku, ana mali ya kutosha. Twasikitika kwamba kipimo cha shule kilichoanzishwa Uingereza mwaka 2010 kwa jina la EBacc hakikuhesabu dansi wala sanaa nyingine, maana ni watoto kama hao waliopungukiwa.

Basi ajiandaeje? Kukariri majibu hakumfai kitu, kwa kuwa kichocheo cha mwaka huu hakitafanana na cha mwaka jana. Kinachomfaa ni kujizoeza kutunga upesi. Achukue kitu chochote kilicho mbele yake, ufunguo, kamba, picha katika gazeti, ajipe dakika mbili za kupata nia, kisha dakika tano za kuandika motifu. Halafu, na hili ndilo zoezi tulipendalo kuliko yote, ampe mwenzake karatasi hiyo aicheze bila kumwuliza neno. Mwenzake akisimama akiuliza “mkono upi?” au “upesi au polepole?”, hapo ndipo penye upungufu wa maandishi, nao umeonekana wazi bila mwalimu kushika kalamu nyekundu. Wabadilishane hivyo mara mbili au tatu kwa juma, na wasingoje majuma ya mwisho kabla ya mtihani.

Siku yenyewe ikifika, saa moja na nusu kwa alama 80 ni dakika moja na kidogo kwa kila alama. Mtahiniwa akikuta swali la utungaji limemganda kichwani, asione haya kusogeza bega au kugeuza kiganja chini ya meza, pasipo kumsumbua jirani yake. Mwili mara nyingi hulipata jibu kwanza, na kalamu ikalifuata.