Sailensi ikishuka: Tibu gari la zamani kabla halijakuzimikia njiani

MBARARA – Wafanyabiashara wanaopakia bidhaa Nyamityobora, mjini Mbarara, kuzipeleka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, wengi wao hutumia magari yaliyokwisha kutembea miaka mingi. Gari la namna hiyo linaweza kwenda vizuri likiwa mwendoni, lakini likifika kwenye kizuizi au njia panda, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, injini hutetemeka, mshale wa mizunguko hushuka na gari huzimika.

Mafundi huita mzunguko huo wa injini bila kukanyaga mafuta "sailensi". Fundi aliyejifunzia kazi Goma au Bukavu, na wapo wengi wenye asili ya huko Nakivale, atauita "ralanti", na plagi ataziita "bujii". Majina ni tofauti, ugonjwa ni ule ule.

Kwa msafirishaji, jambo hili si la kero tu. Injini ikizimika gari likiwa linateremka, msaada wa breki nao hukatika. Baada ya kukanyaga mara mbili au tatu, pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani wa pawa huwa mzito. Kwenye foleni ya mpakani, gari linalowashwa na kuzimika mara kwa mara humaliza betri. Mzigo wa nyanya au samaki hausubiri.

Dawa ya haraka inayotolewa na baadhi ya gereji ni kukaza skrubu ya mafuta kwa bisibisi mpaka sauti ya injini ipande. Dawa hiyo huficha ugonjwa, na mara nyingi huongeza gharama.

Sailensi ya kawaida ni ipi?

Kwa injini nyingi ndogo za petroli, sailensi ya injini iliyopata moto huwa kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika. Kipimo kamili cha gari lako kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Injini ikiwa baridi asubuhi, mizunguko hupanda hadi 1,200 au zaidi, kisha hushuka yenyewe kadiri injini inavyopata joto.

Kabla ya kwenda kwa fundi, chunguza sailensi inashuka wakati gani. Jibu la swali hilo ni nusu ya matibabu:

- Ikiwa inashuka asubuhi tu, shuku vali ya sailensi au sensa ya joto la maji.
- Ikiwa inashuka injini ikishapata moto, shuku uchafu kwenye njia ya hewa.
- Ikiwa inashuka ukiwasha taa, kiyoyozi au ukikata usukani, shuku betri, altaneta, au vali ya sailensi iliyoshindwa kuongeza hewa.
- Ikiwa iko chini wakati wote na injini inatetemeka, huenda silinda moja haifanyi kazi.

Kwa nini skrubu si dawa

Katika magari ya kabureta, skrubu ya sailensi ipo kwa kazi hiyo, na kuirekebisha ni halali baada ya kuhakikisha kwamba mengine yote ni mazima. Kwenye injini za nozeli, kama zile za Toyota Corolla, Carina na Corona za miaka ya 1990, mambo ni tofauti. Skrubu inayozuia mlango wa hewa, yaani throto, isifunge kabisa hupangwa kiwandani.

Ukiikaza, throto hubaki wazi kidogo. Swichi iliyo pembeni yake huiarifu kompyuta ya gari kwamba dereva bado anakanyaga mafuta. Kompyuta basi huacha kusimamia sailensi, na pia huacha kukata mafuta gari linapoteremka mlima huku mguu ukiwa juu. Umepata sauti nzuri stendi, lakini unachoma petroli ya bure kwenye kila mteremko. Injini ya lita moja na nusu hadi mbili hunywa takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa ikiwa imesimama. Ukiipandisha mizunguko bila sababu, hesabu hiyo nayo hupanda.

Anza na vya bure, malizia na vya ghali

Kanuni ni ile ya biashara yoyote: fanya kwanza jaribio lenye gharama ndogo. Injini ya petroli inahitaji hewa, mafuta na moto wa plagi kwa wakati wake. Pima kwa mpangilio huo.

1. Hewa. Fungua eakilina. Kwenye barabara za vumbi huziba mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ing'oe na uitazame kwenye mwanga. Kama mwanga haupiti, badilisha.

Kisha tazama throto. Ukingoni mwake hujikusanya utando mweusi wa moshi na oili, nao huziba ule upenyo mdogo ambao injini hupumulia ikiwa kwenye sailensi. Zima injini, pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye kitambaa na ufute taratibu. Safisha pia vali ya sailensi, ambayo kwenye Toyota nyingi za wakati huo imefungwa chini ya throto. Mara nyingi ugonjwa huishia hapa. Ukiwa umechomoa betri, usishtuke sailensi ikiyumba mwanzoni. Acha injini ingurume dakika 10 hadi 15 ili kompyuta ijipange upya.

2. Hewa ya wizi. Mipira ya vakyumu ya gari la zamani hukauka na kupasuka. Ule mnene unaokwenda kwenye haidrovaki ya breki uangaliwe kwanza, kwa sababu unahusu usalama. Injini ikiwa inanguruma, bana mpira mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Sailensi ikibadilika ghafla, umekaribia penye tundu. Usipulizie petroli kutafuta tundu. Injini ya moto inaweza kulipua gari zima. Maji kidogo kwenye chupa ya kupulizia yanatosha.

Fahamu kwamba kwenye injini zenye mita ya hewa, hewa ya wizi huishusha sailensi na kuitetemesha. Kwenye injini zinazopima mgandamizo wa hewa, mara nyingi huipandisha au kuifanya ipande na kushuka.

3. Moto wa plagi. Ng'oa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi maana yake mafuta ni mengi au moto ni hafifu. Yenye oili maana yake injini inakula oili. Kagua pia nyaya na kifuniko cha distributa kama vina ufa.

Kujua silinda iliyolala, chomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma. Ukichomoa iliyo nzima, injini hushuka. Ukichomoa iliyolala, hakuna kinachobadilika. Njia hii ni salama kuliko kuchomoa waya wa plagi, ambao unaweza kukupiga shoti na kuharibu vifaa vya umeme.

4. Mafuta. Badilisha filta ya mafuta kama hukumbuki ilibadilishwa lini. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini itetemeke na kugonga. Mchanganyiko huo ni tatizo la muda mrefu Afrika Mashariki. Kenya ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo la kuukomesha. Kama ugonjwa ulianza mara tu baada ya kujaza tanki, anza kwa kushuku kituo ulichojazia.

Acha gari lijieleze

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kiboksi cha soketi ambacho ndani yake pameandikwa TE1 na E1. Unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu jinsi taa ya injini kwenye dashibodi inavyomweka. Ikimweka mfululizo kwa mwendo sawa, kompyuta haijarekodi kosa. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni kipimo cha hewa, na 41 ni sensa ya throto. Hakikisha umeunganisha matundu yenye maandishi hayo tu.

Wenye kabureta na dizeli

Mbarara iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa au Dar es Salaam. Kabureta iliyopangwa pwani itamwaga mafuta mengi kuliko hewa ikifika huku. Ipangwe upya huku huku, injini ikiwa na moto.

Kwa HiAce za dizeli, tazama kwanza filta na hewa iliyoingia kwenye bomba la mafuta. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Ikilegea tena baada ya muda mfupi, kuna mahali panapovuta hewa. Skrubu ya sailensi iliyo kwenye pampu ndiyo ya mwisho kuguswa.

Ukifika gereji

Mweleze fundi ni wakati gani sailensi inashuka na ni vipimo gani umeshafanya. Kataa kubadilishiwa vitu vitatu kwa mkupuo. Ukipona hutajua kipi kilikuwa kibovu, na umelipia vyote. Omba upewe kifaa cha zamani kilichotolewa. Kama hewa, moto na mafuta vyote ni sawa na bado injini inatetemeka, agiza kipimo cha kompresheni na nafasi za vali kabla ya kununua sensa yoyote.

Tangu mwaka 2018 Uganda imezuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa mwenye gari la zamani, maana yake ni kwamba hataweza tena kuagiza la rika lile lile kwa bei nafuu. Kulitunza alilonalo ni kulinda mtaji, na kazi hiyo huanzia kwenye eakilina na kitambaa cha kufutia throto kabla bisibisi haijaguswa.