MAJI NA MOSHI KATIKA INJINI YA MASHUA

Zamani nahodha alitazama tanga na upepo. Siku hizi, tangu Lamu mpaka Mafia, mashua nyingi huendeshwa kwa injini, na nahodha wa mashua hizo hana budi kutazama jambo jingine, yaani maji yatokayo katika bomba la moshi. Injini nyingi huharibika si kwa uzee bali kwa joto. Nalo joto hutoa dalili zake mapema kwa mtu aliye macho.

Yafaa tufahamu kwanza asili ya joto hilo. Mafuta yawakapo ndani ya silinda, theluthi moja hivi ya nguvu zake ndiyo igeuzayo rafadha. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya ile iliyobaki huingia katika chuma cha injini. Gari hupozwa kwa upepo upitao katika rejeta. Lakini injini ya mashua imefungwa ndani ya chombo, mahali pasipo na upepo, basi hupozwa kwa maji ya bahari.

Maji hayo huingia kwa tundu lililo chini ya mashua, hupita katika bilula, kisha katika chujio, ndipo yafikapo kwenye pampu. Ndani ya pampu mna kigurudumu cha mpira chenye mapezi, nacho ndicho kiyasukumacho. Katika injini nyingine maji ya bahari huzunguka chuma chenyewe. Katika nyingine huyapoza maji matamu yazungukayo ndani ya injini, wala hayachanganyiki nayo. Mwisho wa njia yake humwagwa katika kiwiko cha bomba la moshi. Hapo hufanya kazi ya pili, maana pasipo maji moshi ule ungeliunguza bomba la mpira. Basi maji yakikatika, hasara ni mbili kwa mara moja: injini huchemka, na bomba huungua, hata likapasuka na kuingiza moshi na maji chomboni.

Kwa hiyo kila mara injini iwashwapo, nahodha atazame nyuma ya chombo kabla ya kufungua kamba. Maji yakitoka kwa wingi kama kawaida, na aende. Yakiwa machache, na mvuke mweupe ukizidi baada ya injini kupata moto, azime mara moja, aangalie kama bilula imefunguliwa na kama chujio limejaa mwani au kipande cha mfuko wa plastiki. Moshi mweusi huonyesha kwamba injini imelemewa au haipati hewa ya kutosha. Moshi wa samawati huonyesha kwamba oili inaungua. Injini ikiwa imechemka, asifungue kifuniko cha maji matamu, maana mvuke utamwunguza; wala asiimwagie maji baridi, maana chuma kitapasuka.

Kigurudumu cha mpira kikizunguka pasipo maji huharibika kwa muda mfupi sana. Kibadilishwe kila mwaka, au mapema kwa chombo kifanyacho kazi kila siku, na kimoja cha akiba kikae chomboni daima pamoja na bisibisi yake. Mapezi yakikatika, vipande vyote vitafutwe, kwa kuwa kipande kimoja kikinasa katika njia ya maji, kigurudumu kipya hakitafaa kitu. Kipande cha zinki, ambacho huliwa na maji ya chumvi badala ya chuma cha injini, kibadilishwe kikiisha nusu. Kiwiko nacho kifunguliwe mara moja kwa mwaka na kusafishwa masizi na chumvi.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Injini ikikataa kuwaka, na mtu akizidi kuizungusha, pampu huendelea kumwaga maji katika bomba, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Maji hurudi nyuma mpaka ndani ya silinda. Na kwa kuwa maji hayashindiliki, chuma cha ndani hupinda. Basi injini ikikawia kuwaka, funga bilula ya maji. Nayo ikiwaka tu, ifungue upesi.

Injini zile zifungwazo nyuma ya chombo zina pampu ya namna hiyo hiyo. Dalili yake ni mchirizi mdogo wa maji utokao ubavuni, ukikoma, zima. Baada ya kazi ya baharini injini hiyo isafishwe kwa maji matamu kwa muda wa dakika 10 hivi, ili chumvi isigande ndani. Wenzetu wa ziwa Victoria hawana chumvi, lakini wanayo magugumaji na matope, ambayo huziba tundu vilevile.

Tena, moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Bomba likivuja ndani ya chumba cha chombo, aliyelala humo aweza kufa asiamke. Ufa wowote uzibwe siku ile ile ionekanapo, wala abiria asilazwe karibu na injini yenye bomba bovu.

Viongozi wa vijiji na vikundi vya wavuvi wenye mashua za ushirika wangefanya vema kuweka daftari, na humo iandikwe siku ya kubadilisha kigurudumu, zinki na oili. Kigurudumu hicho huenea kiganjani, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya injini. Chombo kilichozimikiwa injini katikati ya mkondo, usiku, kimejaa watu, hakina duka la kununulia kingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.